Likizo ya Watamu: Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Familia nyingi zinazopanga kwenda pwani huanza na maswali yale yale: chumba ni pesa ngapi, kifungua kinywa kimo au hakimo, na kutoka mlangoni hadi ufukweni ni mwendo gani. Si maswali mabaya, ila yanaacha nje lile ambalo mvuvi huliuliza kabla ya jingine lolote: leo maji yanajaa saa ngapi? Matokeo yake huonekana kila shule zikifungwa. Watoto wameamshwa mapema, wamepakwa mafuta ya kukinga jua, wamevalishwa nguo za kuogelea, wanateremka mbio saa 4 asubuhi, na mbele yao hakuna bahari. Kuna mchanga uliolowa, mwani uliolala na mwamba uliojitokeza, na maji yenyewe ni mstari wa buluu kule mbali. Baba anaona kama ametapeliwa. Saa 10 alasiri, maji yakiwa yamefika juu kabisa na kuogelea ndiko kumenoga, familia hiyo hiyo imo ndani ya gari ikitoka kutazama magofu. Kila walichokilipia kilikuwapo, ila walikipangia saa mbaya.

Ninachotetea hapa ni kwamba ratiba ya likizo ya familia katika mji wa ufukweni ipangwe kwa kujaa na kupwa kwa maji, na mambo mengine yote, kuanzia chakula hadi matembezi hadi usingizi wa mchana wa mtoto mdogo, yafuate nyuma. Nachukua mfano wa Watamu, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kwa sababu mambo manne yamekaa karibu karibu pale: bahari tulivu iliyozingirwa na mwamba, hori yenye mikoko, msitu wa asili, na mji wa kale uliohamwa. Ila anayekwenda Diani, Pangani, Bagamoyo au Paje atakuta hesabu ni ile ile. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani hawaangalii saa ya ukutani kujua siku ya kuingia shambani; wanaangalia bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Mgeni anayefika kwa siku tano ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, maana hana wiki ya pili ya kurudia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila kukicha, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kwa kiasi hicho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huungana, na hapo huja bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukinzana, na huja maji mafu, ambapo tofauti hushuka hadi mita 1 na kidogo. Jambo la kumfurahisha mzazi ni kwamba bamvua ya pwani hii ina saa zake zinazojirudia mwaka mzima. Maji hujaa karibu na saa 10 au 11, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4 au 5, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa kabla ya adhuhuri na kupwa jioni. Ukishajua mwezi uko wapi, umeshajua siku yako itakavyokwenda.

Mtu atasema hayo ni mambo ya mabaharia, na kwamba simu ina kila kitu. Kweli, jedwali la maji la Mombasa linapatikana mtandaoni, na tofauti yake na Watamu ni ndogo, lisome. Lakini jedwali hukuambia saa za siku moja moja, wakati unachohitaji miezi miwili kabla, unapoomba ruhusa kazini, ni kujua utafika katika hali gani. Hapo kalenda ya mwezi inaishinda simu. Anayefuata tarehe za Kiislamu tayari ana jedwali nyumbani: siku za kwanza za mwezi na zile zinazofuata tarehe 14 ni za bamvua, kati ya tarehe 8 na 10, na tena baada ya tarehe 22, maji ni mafu. Kwa hiyo Idi ya kumaliza Ramadhani, inayoangukia tarehe 1 Mfunguo Mosi, huja na bamvua kila mwaka, na anayewapeleka watoto baharini sikukuu hiyo awape asubuhi ya kuzunguka kwa jamaa na alasiri ya kuogelea. Idi ya kuchinja, tarehe 10 Mfunguo Tatu, huja maji yakiwa bado hayana nguvu, na hujaa karibu na adhuhuri. Hata Pasaka imefungwa na mwezi, kwa kuwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu; juma takatifu haliwezi kukosa mwezi huo. Krismasi peke yake haina mwezi wake, kwa hiyo itafutie kila mwaka upya.

Tuseme umeangukia bamvua. Usiomboleze asubuhi isiyo na maji. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Mbele ya ufuo wa Watamu kuna visiwa vidogo vya mwamba ambavyo mawimbi yamevila sehemu ya chini, vikabaki na kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba. Maji yakipwa vizuri, familia nzima huvifikia kwa miguu. Njiani kuna vidimbwi vilivyoachwa katika mashimo ya mwamba, na hapo ndipo mwendo wa watu wazima unapopaswa kupungua. Chuchumaa na mtoto kando ya dimbwi moja na mkae kimya kwa dakika tano. Mwanzoni haonekani mdudu. Kisha kombe moja la konokono linaanza kutembea, kumbe amelivaa kaa mdogo. Samaki wa ukubwa wa kucha anatoka chini ya jiwe na kurudi. Kile kilichodhaniwa ni kijiti kinajivuta taratibu, nacho ni jongoo bahari. Kiti cha pweza kinaonekana kama hakisogei, na mtoto atataka kukiinua apigwe picha. Mkatalie. Eneo kubwa la bahari hii limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na kuokota makombe au kuvunja matumbawe humo ni kosa. Hata bila sheria, kiti cha pweza kinachoshikwa nje ya maji na watalii ishirini kwa asubuhi moja hakina maisha marefu. Kijana atakayekitoa majini ili akufurahishe hana nia mbaya. Mwambie mapema kwamba watoto wako wanataka kukiona kikiwa mle mle, na ujira wake uko pale pale.

Matembezi hayo yana masharti matatu, na hakuna hata moja la kupuuzwa. La kwanza ni viatu: sandak za plastiki za sokoni zinatosha, kwa sababu zinakaza mguuni na mwamba hauzikati kirahisi. Ndara huchomoka. Katika nyufa za mwamba hukaa wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukiingia unyayoni huharibu siku nzima. Mguu utiwe katika maji ya moto kadiri mtu anavyoyavumilia, kisha aende zahanati. La pili ni jua. Watamu iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na saa 5 asubuhi jua liko karibu na utosi, huku maji na mchanga mweupe vikilirudisha usoni. Mikono mirefu na kofia vinamsaidia mtoto kuliko chupa ya mafuta anayojifuta baada ya dakika kumi. La tatu ndilo kubwa: tokeni maji yakiwa bado yanashuka, na saa ya kupwa kabisa itakapofika, geuzeni nyuso kuelekea nchi kavu. Maji ya bamvua hurudi upesi, na hayarudi kwa mstari ulionyooka. Hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yenu, na mtu aliyesimama kwenye tuta anashtukia amezingirwa. Onyo hili lizingatiwe maradufu na wanaopelekwa kwa mashua kwenye tuta la mchanga la Mayungu, kati ya Watamu na Malindi, ambalo huibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Mwenye mashua asiondoke na kuwaacha.

Alasiri ya bamvua ni ya kuogelea, kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka yanaposimama. Baada ya hapo yanaanza kutoka, na yanapotoka huvuta kuelekea kwenye milango ya mwamba. Mtoto anayeelea juu ya boya la plastiki hahitaji zaidi ya hapo kupelekwa asipotaka. Ufuo nao hupungua sana wakati huu, na sehemu nyingine maji hugonga kuta za hoteli. Hapa kuna jambo ambalo mgeni wa nyumba ya bei nafuu kijijini anapaswa kulijua: Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Huhitaji ukanda wa mkononi wa hoteli yoyote ili utembee hapo. Ila sehemu hiyo ya ufuo ndiyo hasa inayofunikwa bamvua inapojaa, kwa hiyo asiyelala hotelini ana haja kubwa zaidi ya kujua saa zake kuliko mwenye kitanda cha kujinyoosha bustanini.

Ukiangukia maji mafu, geuza ratiba juu chini. Kuogelea ni asubuhi, kuanzia saa 3 hadi maji yanapojaa kabla ya adhuhuri, na bahari haikimbii mbali wala kupanda juu. Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka sita, wiki hii ni bora kuliko ya bamvua, hata kama haina vioja vya mwambani. Ni wakati mzuri pia wa kwenda kwa mashua kutazama matumbawe, kwa kuwa mikondo imepoa. Saa ya safari mwachie nahodha, lakini muulize sababu. Maji yakiwa chini, mwamba huzuia mawimbi na ndani huwa shwari. Yakiwa chini mno, magoti ya waogeleaji hugonga matumbawe. Nusu kwa nusu ndiyo saa yenyewe. Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kwa njia ya mtandao wa eCitizen, si kwa fedha taslimu ndani ya mashua, na Mkenya hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi kitambulisho kisisahaulike chumbani. Kagua jaketi za kujiokolea kabla ya kupanda, na hasa ile ya mtoto: ukiinyanyua mabegani ikampita kichwani, hiyo si ya kwake. Mkate wa kulishia samaki ubaki jikoni. Samaki wanaokula ukoko wa mwani juu ya matumbawe wana kazi ya kufanya, na mkate huwaachisha kazi.

Hori ya Mida, upande wa kusini, ndiyo mahali ambapo hoja ya maji huacha kuwa ya starehe ikawa ya usalama. Ni mkono wa bahari wenye eneo la takriban kilomita za mraba 32, na maji yake huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba. Katika bamvua mkondo wa mlangoni hapo una nguvu ya kumshinda mtu mzima anayejua kuogelea. Watoto wasiingie majini karibu nao. Ndani, kwenye mikoko, mambo ni mengine. Vikundi vya vijiji vya kando ya hori, kama kile cha Dabaso, vimejenga njia za mbao zinazopita juu ya mikoko, na kuna mitumbwi ya kukodi pamoja na muongozaji. Maji yakijaa, panda mtumbwi. Yakipwa, tembea juu ya mbao na uangalie chini kwenye tope, ambako kaa mwenye gando moja kubwa hulipunga na kujificha. Ndege nao hutoka kula wakati huo huo. Kati ya Agosti na Aprili hufika hapo ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana katika fukwe za Oman na Ghuba, tena kwa kuchimba shimo mchangani. Mtoto anayedhani ndege wote hujenga viota juu ya miti atakuwa na la kusimulia shuleni.

Majira ya mwaka nayo yana neno lake, ingawa hapo mzazi hana uhuru mkubwa, kwa kuwa shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti na Desemba. Desemba kaskazi imeanza: joto kali, bahari shwari, maji angavu, na bei juu. Agosti ni kusi; upepo unavuma, hali ya hewa ni ya kupendeza, lakini nje ya mwamba bahari ni chafu na mwani hujazana ufuoni. Usiukimbie mwani, ila usitarajie picha za kwenye matangazo. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita nje ya Watamu, na kuna mashua zinazowafuata, ila kwa mawimbi ya kusi sishauri kumpandisha mtoto mdogo. Aprili ni masika. Vyumba ni rahisi, na mvua inaweza kula nusu ya likizo. Wengi huuliza kwa nini wasilale Malindi, mji mkubwa na wenye kila kitu. Jibu ni mto Sabaki, unaomwaga udongo wake kaskazini ya mji. Mvua zikinyesha bara, mto huo hutoa maji mekundu, na upepo wa kaskazi huyasukuma kuelekea ghuba ya Malindi. Watamu iko mbali vya kutosha kuepuka sehemu kubwa ya tope hilo. Malindi ipeni nusu siku: mnara wa Vasco da Gama, aliyefika 1498, soko, na chakula.

Basi zile saa ambazo maji hayafai ndizo za nchi kavu, na hapa Watamu ina bahati kuliko miji mingi ya pwani. Gede iko kilomita chache kutoka ufuoni, chini ya miti mikubwa, na kivuli chake kinaifanya kuwa mahali pa saa 7 mchana, wakati ufuo hautamaniki. Mji huu ulistawi kwa karne kadhaa na kuhamwa katika karne ya 17. Uchimbaji wake mkubwa uliongozwa na James Kirkman kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makosa ya wazazi wengi ni kuwaburuta watoto kutoka ukuta hadi ukuta wakisomewa karne. Wape kazi. Nyumba za Gede ziliitwa kwa vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: kuna nyumba ya mkasi, ya kisanduku cha pembe za ndovu, ya sarafu za Kichina. Waulize mkasi ulikuwa wa nani, na sarafu ya China ilifikaje hapa kabla ya ndege na meli za chuma. Wapelekeni kwenye visima wachungulie, na kwenye vyoo vya mawe, ambavyo huwachekesha kuliko msikiti na kasri. Kisha tafuteni kaburi lenye tarehe: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Waliolichonga walihesabu siku zao kwa mwezi ule ule mnaoutumia kupanga kuogelea. Kima wa magofuni ni wezi hodari, kwa hiyo ndizi na biskuti zibaki garini.

Karibu na hapo kuna mradi wa Kipepeo, ambako wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo mpaka wawe pupa, nazo huuzwa nje. Nusu saa inatosha. Msitu wenyewe una zaidi ya kilomita za mraba 400, nao huingiwa alfajiri au usiingiwe kabisa, kwa sababu kufikia saa 4 wanyama wamejificha na joto limeshika. Hilo linaupa nafasi katika wiki ya bamvua, kabla ya kwenda mwambani, ingawa kwa watoto wadogo siku ya namna hiyo ni ndefu mno na ningechagua kimoja. Korongo la Marafa, bara ya Malindi, ni la jioni, jua linapowasha rangi za udongo, na linafaa siku za maji mafu ambapo mmeshaogelea asubuhi. Kituo cha Local Ocean Conservation, kinachowatibu kasa walionaswa kwenye nyavu na kuwalipa wavuvi fidia ili wawaachie, kinapokea wageni mchana. Kiweke katika saa yoyote iliyobaki.

Kuna watakaosema haya yote yanaua mapumziko. Mtu ametoka kazini anakoishi kwa saa, sasa naye aambiwe apige hesabu za mwezi? Pingamizi hili lina uzito, na mtu anayesafiri peke yake anaweza kulifuata bila hasara: atalala, ataamka, ataogelea akikuta maji. Familia haina nafasi hiyo. Mtoto wa miaka minne akikosa bahari asubuhi, hakuna atakayepumzika mpaka usiku. Tena ratiba ya maji ni nyepesi kuliko ile ya hoteli, kwa sababu ina jambo moja tu la lazima kwa siku, na masaa mengine yote yako huru kwa kulala, kucheza bao au kula mahamri na mbaazi barazani. Wengine watasema hoteli ina bwawa, na bwawa halipwi. Sawa, na kwa saa za katikati ya mchana ni msaada mkubwa, mradi mtu mzima mmoja akae kando yake bila simu, kwa kuwa bwawa nalo huua. Lakini bwawa liko Nairobi, na liko Dodoma. Kulifuata kwa zaidi ya kilomita 500 ni gharama isiyo na maana. Pingamizi ninalolikubali zaidi ni la bibi na babu wasioogelea, au mama asiyetaka kuvua buibui mbele za watu. Kwao, bamvua ni bora mara kumi: mwambani, kwenye njia za mbao za Mida na kwenye mchanga mpana wa asubuhi, wote wako sawa, na anayeogelea hana cha kuwazidi.

Mengine ni ya haraka. Tangu 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika hifadhi na fukwe, kwa hiyo kila mtoto abebe chupa yake ya kujaza. Malaria ipo Kilifi. Hakikisha chandarua hakina matundu, na mzazi mwenye mtoto mchanga au mjamzito amwone daktari kabla ya safari. Maji ya kunywa yawe ya kuchemsha au ya kununua. Samaki anunuliwe mashua zinaporudi, na kama nyumba mliyokodi ina jiko, mama wa jirani atawapikia pweza wa nazi kwa bei ambayo hoteli haiwezi kuifikia; patana naye mapema, mpe pesa za nazi na viungo, na umwambie wazi kama watoto hawali pilipili.

Usafiri wa kurudi ndio ambao watu hukata tiketi bila kufikiri. Treni ya SGR huanzia Miritini, nje ya Mombasa, na kutoka Watamu mpaka hapo ni saa tatu au zaidi, Mtwapa ikiwa na foleni yake ya kawaida. Mwezi Desemba viti huisha mapema, kwa hiyo lazima uamue ukiwa bado nyumbani. Kama siku ya mwisho ni ya bamvua, treni ya mchana itakung'oa asubuhi wakati maji yamepwa, na hutapoteza kuogelea, bali mwamba tu. Kama ni ya maji mafu, treni hiyo hiyo itakunyima maji ya asubuhi yote. Chukua ya usiku, waogelee mpaka adhuhuri, wale, walale kidogo, na gari liondoke kabla ya saa 10 alasiri. Muombe mwenye nyumba mapema akuachie bafu mpaka wakati huo, na nguo mbichi zifungwe kwenye begi lake peke yake.